Kutoka Upper Hill Hata Nyandarua: Safari ya Siku Moja

Magharibi ya kituo cha reli cha Nairobi nchi huinuka, na juu ya mwinuko huo iko sehemu ya mji iitwayo Upper Hill. Reli ilipofika Nairobi katika mwezi wa Mei 1899, uwanda wa chini ulikuwa matope na matete, na wakubwa wa reli hawakukawia kutambua ya kuwa kulala bondeni ni kujitafutia homa. Wakajenga nyumba zao mlimani penye upepo, wakawaachia wengine bonde. Kwa miaka mingi pakawa mahali pa nyumba za mabati, bustani na miti mikubwa. Nyumba nyingi za namna hiyo zimekwisha kubomolewa, na mahali pake yamesimama majumba marefu ya benki na bima. Jumba la Britam, lililomalizika mwaka 2017, lina urefu wa mita 200. Lile la UAP Old Mutual ni fupi kuliko hilo. Karibu nayo imetanda Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na ambayo sasa ni vigumu kumpata Mkenya asiye na jamaa aliyepata kulazwa humo.

Liko jambo moja la Upper Hill ambalo watu wengi hulipita kila siku bila kulitazama, nalo ni majina ya barabara zake. Iko Barabara ya Longonot na Barabara ya Menengai. Iko ya Elgon, ya Chyulu na ya Kilimanjaro. Mito nayo haikusahauliwa, maana iko ya Mara na ya Ragati. Hata Masaba imepewa barabara yake, ingawa Masaba na Elgon ni mlima mmoja wenye majina mawili; yaelekea aliyegawa majina hakutaka kuudhi upande wo wote. Basi karani wa Upper Hill aweza kuivuka milima mitatu kabla ya chai ya saa nne, na viatu vyake visipate vumbi.

Lakini mlima ambao Upper Hill inauhitaji kuliko yote hiyo ni mwingine, nao uko kaskazini. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye katika orofa za juu aweza kuuona kama ukuta wa rangi ya samawati mwisho wa macho yake. Wakikuyu huuita Nyandarua, na yasemekana jina hilo limetokana na ngozi iliyowambwa juani, kwa namna mgongo wa mlima unavyoonekana kwa mbali. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi hizi katika miaka ya 1883 na 1884, aliupachika jina la Lord Aberdare, aliyekuwa Rais wa Chama cha Jiografia huko London. Bwana huyo hakupata kuukanyaga.

Haja ya Upper Hill kwa mlima huo ni maji. Jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, walakini maji hayo baridi hayakuwatosha watu kwa muda mrefu. Kwanza mji ulikunywa maji ya mto, kisha ya chemchemi za Kikuyu, kisha ya bwawa la Ruiru. Mwaka 1956 bwawa la Sasumua likawa tayari, chini ya Nyandarua upande wa kusini. Katika miaka ya 1990 likaja la Ndakaini, kubwa kuliko yote, lenye nafasi ya lita bilioni 70, nalo hujazwa na mito ya mlima ule ule. Pamoja na hayo yote, watu waliongezeka kuliko mabomba, na tangu Januari 1, 2017 mji ukaanza kugawiwa maji kwa zamu, mtaa huu siku hizi na mtaa ule siku zile.

Katika ofisi moja ya serikali hapo Upper Hill alikuwako karani wa masjala, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Kwa miaka zaidi ya thelathini mafaili yalikuwa yamepita mikononi mwake, na mengi yalihusu maji: barua za malalamiko, barua za kujibu malalamiko, na barua za kuuliza kwa nini barua za kwanza hazijajibiwa. Majina ya Sasumua, Chania na Kiburu aliyajua kama ajuavyo majina ya wanawe. Hata hivyo hakupata kuona mahali hapo hata pamoja. Basi vijana wa ofisi za jirani walipotangaza safari ya kupanda Elephant Hill, yaani Kilima cha Tembo, katika ncha ya kusini ya Nyandarua, alilipa nauli yake kabla ya wote. Vijana walistahi, hawakusema kitu. Lakini mmoja alimwuliza kama ana viatu.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Septemba. Huo ndio wakati mzuri, kwa kuwa baridi ya Julai na Agosti imekwisha pungua na mvua za vuli hazijaanza kwa nguvu. Walikuwa watu kumi na mmoja: makarani wa bima, wauguzi wawili wa hospitalini, mwalimu, fundi wa umeme, na yule mzee wa masjala. Gari liliondoka Barabara ya Ngong saa kumi na nusu alfajiri, mji ukiwa bado na taa.

Barabara iendayo huko, kama mtu akiitazama vizuri, hufuata maji kinyumenyume. Kwanza hupita Kabete, kwenye matangi makubwa yapokeayo maji ya Sasumua. Maji hayo hayasukumwi na mtambo. Sasumua iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Kabete iko chini yake sana, hivyo maji hujiteremkia yenyewe ndani ya bomba usiku na mchana. Kisha yaja Kikuyu, penye kinamasi cha Ondiri, ambako Mto Nairobi huanzia. Mtu aujuaye mto huo unapopita chini ya madaraja ya mjini, umejaa taka na rangi isiyo na jina, hawezi kusadiki ya kuwa mwanzo wake ni maji ya kunyweka. Baada ya hapo ni Limuru na majani yake ya chai, halafu msitu wa Kinale, na baridi ikaanza kuingia garini kwa nyufa za madirisha. Mahali paitwapo Flyover gari likaiacha barabara ya Naivasha, likashika mkono wa kulia kuelekea Njabini.

Uwanda wa Kinangop ulionekana kulipopambazuka. Ni nchi tambarare, ya kijani, yenye kondoo na ng'ombe wa maziwa, viazi na kabichi. Hata miaka ya 1960 ilipoanza, mashamba hayo yalikuwa ya walowezi. Kuanzia mwaka 1962 yakagawanywa kwa Waafrika katika ule mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Wengi wa walimao hapo leo ni watoto na wajukuu wa watu waliofika na jembe, sufuria na deni la serikali.

Wasafiri walikunywa chai sokoni Njabini katika kibanda cha mama mmoja aliyevaa koti la kiume juu ya gauni mbili. Aliwatazama mikoba yao na fimbo zao, kisha akamwuliza yule mzee, kwa kuwa ndiye aliyeonekana kuwa na akili:

"Baba, mwatoka Nairobi kuja kupanda mlima? Kwani huko kwenu hakuna kazi?"

"Kazi iko, mama. Twataka kuona maji yetu yanakotoka."

"Maji yenu!" akasema yule mama, akacheka hata akaweka birika chini. "Basi mkifika juu yasalimuni. Hapa kwangu nayateka mtoni kwa mtungi, nayaona yakinipita kuja kwenu."

Wasafiri wengine walicheka naye. Mzee wa masjala hakucheka sana. Alilipa chai ya wote, naye yule mama akamwongezea andazi moja la njiani, akamwambia ya kuwa usiku uliopita jalidi imeunguza viazi vya jirani yake, basi avae kofia.

Katika kituo cha msitu waliandikishwa majina, wakalipa ada, wakapewa askari wawili wa msitu wenye bunduki. Bunduki si za mapambo. Tembo na nyati wamo humo, na nyati mmoja aliyejitenga na kundi ni hatari kuliko kundi zima. Askari mkubwa, ambaye wote walimwita Afande, alitoa sheria chache: hakuna atakayetangulia mbele ya bunduki ya kwanza, hakuna atakayebaki nyuma ya ile ya pili, na itakapofika saa saba mchana, mtu ye yote, awe wapi, atageuka ashuke. "Mlima hauendi popote," alisema. "Ni ninyi mnaokwenda."

Walianza kupanda saa moja na nusu. Maili ya kwanza ilikuwa rahisi, kati ya misonobari iliyopandwa kwa mistari na vishamba vya viazi vya watu walioruhusiwa kulima humo wakiitunza miche ya miti. Wakapita karibu na ua wa nyaya za umeme. Ua huo una habari ndefu. Ulianza kujengwa mwaka 1989 na chama cha Rhino Ark, kwa shabaha ya kuwalinda faru wachache waliobaki; baadaye ikaonekana ya kuwa mkulima naye anahitaji kulindwa na tembo, na msitu unahitaji kulindwa na shoka. Ulipomalizika mwaka 2009 ulikuwa umeizunguka milima yote, karibu kilomita 400. Kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya. Watazamaji walioruka juu ya msitu kwa ndege mwaka 2002 walihesabu maelfu ya matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi yaliyofichwa katikati ya miti. Wakulima wa kandokando waliopata kulala nje wakipiga madebe kufukuza tembo wasile mahindi yao, hao ndio waushukuruo ua huo kuliko wageni wote.

Kisha wakaingia katika mianzi.

Mtu asiyepata kutembea katika mianzi ya Nyandarua hawezi kuelezwa akaelewa upesi. Miti hiyo imesongamana kama meno ya kitana, mirefu mara sita au saba ya mtu, na vichwa vyake vimefungamana juu hata jua likawa habari tu. Chini ni tope jeusi na mizizi itelezayo. Njia haizunguki, hupanda moja kwa moja, na mtu hushika mwanzi huu na kujivuta hata ule. Kando yake imeota thabai, jani liwashalo ambalo Wakikuyu hulipika likawa mboga njema, lakini likiwa bichi halina heshima kwa mkono wa mtu. Mavi ya tembo yalikuwa njiani, mengine makavu, mengine bado yanatoa mvuke. Mazungumzo yote ya Nairobi yalikoma. Kilichosikika ni pumzi, na mianzi ikilia ilipogusana kwa upepo, mlio kama wa mlango wa zamani.

Humo ndimo walimojificha wapiganaji wa Mau Mau baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Walikaa miaka, wakila asali, nyama ya porini na chakula walicholetewa usiku na akina mama wa vijijini, hata serikali ilipochimba handaki refu kando ya msitu ili kuwatenga na vijiji. Ndege za Lincoln za jeshi la Uingereza zilidondosha mabomu juu ya mianzi hii, nayo mianzi ikameza mabomu kama imezavyo mvua. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956, upande wa Nyeri, alipotoka penye ukingo wa msitu. Wasafiri wa leo, wenye makoti mazito na chokoleti mifukoni, huchoka baada ya saa mbili za kupanda. Mwalimu aliyekuwamo msafarani alisimama, akatazama huku na huku katika giza lile la kijani, akasema babu yake alikuwa humo miaka mitatu na hakupata kusimulia hata neno moja. Hakuna aliyemjibu.

Mwisho wa mianzi mtu hutokea ghafla penye mwanga, na hapo ndipo wapandaji walipopaita Mahali pa Kukata Tamaa. Jina hilo lina sababu. Mtu hudhani amefika, naye huona mbele yake vilima vingine vitatu, kimoja nyuma ya kingine, na kile cha nyuma ndicho Kilima cha Tembo. Yule mzee wa masjala alifika hapo saa nne na nusu, wa mwisho, uso wake umekuwa wa kijivu. Muuguzi mmoja alimshika mkono akahesabu mapigo.

"Mzee, moyo unakwenda mbio mno. Tupumzike."

"Pumzikeni ninyi, Sista. Mimi nikikaa sitainuka."

Akakaa hata hivyo. Hewa ya mahali hapo si ile ya Nairobi. Karibu na kilele, kwenye mita 3,600 hivi, pumzi moja huleta kama theluthi mbili tu ya kile iletacho pumzi moja ya Mombasa. Kijana hulipa deni hilo kwa miguu yake, na mzee hulilipa kwa moyo. Walimpa maji na chungwa. Iliwapambazukia hapo, wakachekana, ya kuwa kila mmoja wao amebeba mgongoni chupa za maji ya kununua, kutoka dukani Nairobi, akiyapandisha mlima ambao maji ya Nairobi huteremka kutoka kwake.

Waliendelea polepole. Nchi ilikuwa imebadilika kabisa. Miti mirefu hakuna tena. Ni vichaka vya erika vilivyovaa ndevu za kijivu, na baada ya hapo nyasi ngumu zilizoota mafungumafungu kama vichwa vya watu wasiochana nywele. Hapa na pale imesimama lobelia, mmea mmoja kama nguzo yenye manyoya, peke yake, kana kwamba unamngoja mtu. Jua liliwaka kwa dakika kumi na baridi ikaja kwa dakika kumi. Saa tano na nusu ukungu ulianza kupanda kutoka upande wa mashariki.

Ukungu huo si adui, ingawa mpandaji huuchukia. Upepo utokao Bahari ya Hindi hufika hapa ukiwa na unyevu, huupiga mlima, hulazimika kupanda, hupoa, na kuuachilia mzigo wake. Ndiyo sababu upande wa mashariki wa Nyandarua hupata mvua nyingi kuliko uwanda wa Kinangop, ulio nyuma ya mgongo. Na maji hayo hayaondoki mara moja. Nyasi zile ngumu, kuvumwani iliyo chini yake, na udongo mweusi ulio chini ya kuvumwani, vyote hunyonya na kushika, kisha huachilia kidogo kidogo miezi yote ya kiangazi. Kwa njia hiyo mto huweza kwenda Februari, wakati hapana mvua iliyonyesha tangu Desemba. Mlima huu hulisha Tana na Athi, ziendazo baharini. Hulisha Ewaso Nyiro iendayo kaskazini kwenye nchi kavu. Na Malewa iendayo Ziwa Naivasha. Maji ya Tana yakifika chini hupita katika mitambo ya umeme, mmojawapo ukiwa Kiambere. Iko Barabara ya Kiambere pia hapo Upper Hill, na lifti za majumba yake hupanda kwa umeme ambao sehemu yake ni ukungu huu huu.

Katika bonde dogo kati ya kilima cha pili na cha tatu, mzee alisimama, akasema hapo ndipo mwisho wake. Ilikuwa saa sita kasorobo. Afande alitazama saa, akatazama ukungu, akamwachia askari wa pili akae naye. Wale wengine wangekwenda mbio wafike na kurudi kabla ya saa saba. Muuguzi aliyempima mapigo alitaka kubaki. Mzee alimkataza. "Nenda, binti. Ukafike kwa niaba yangu."

Walipokwisha kuondoka, mzee alisikia sauti. Haikuwa kubwa, ilikuwa kama mtu anayenong'ona chini ya blanketi. Akauliza ni nini. Askari, kijana wa Nyeri, akampeleka hatua ishirini, akazitenga nyasi kwa kitako cha bunduki. Chini yake palikuwa na maji, upana wa viganja viwili, meusi kwa sababu ya udongo lakini safi kama kioo, yakitembea.

"Haya yanakwenda wapi, kijana?"

"Yanashuka bonde lile, Mzee. Huko chini yanakutana na mengine. Mwisho ni Sasumua, au Chania, moja kati ya hizo mbili. Mimi sijayafuata."

Mzee alichutama. Alitia mkono, akautoa upesi, kwa kuwa yalikuwa baridi kama chuma cha usiku. Akautia tena akauacha. Alikaa hivyo muda mrefu, hata askari akadhani ameugua. Baadaye, garini, alisema alikuwa akijaribu kukumbuka barua moja ya zamani sana, ya mtu wa mtaa fulani aliyeandika mara saba kuuliza maji ya bomba lake yamekwenda wapi. Alimjibu mara saba kwa maneno yale yale, kama alivyoagizwa.

Wale wengine walifika kileleni saa saba kasoro dakika kumi. Hawakuona kitu. Ukungu ulikuwa umefunga kila upande, na kwa dakika tano walipigana picha mbele ya weupe mtupu ambao ungeweza kuwa ukuta wa hospitali. Kisha upepo ukageuka, pazia likafunguka upande wa magharibi na kusini, na wote wakanyamaza. Chini sana ulikuwa uwanda wa Kinangop, umekatwa vipande vya mashamba. Nyuma yake bonde la ufa na Ziwa Naivasha liking'aa. Na karibu zaidi, mfano wa kipande cha bati kilichoangushwa kati ya mashamba na msitu, bwawa la Sasumua. Fundi wa umeme alisema ni dogo. Ni kweli, ni dogo. Hujaa lita bilioni 16 hivi, na mji wenye watu zaidi ya milioni nne waweza kuyamaliza maji hayo upesi kuliko mtu apendavyo kufikiri. Kaskazini kilele cha Kinangop, chenye mita 3,906, kilijitokeza mara moja tu kikajificha. Afande akapiga mluzi.

Kushuka ni kazi nyingine, na watu wengi hawaihesabu. Katika mianzi tope lilikuwa limelainishwa na manyunyu, na msafara mzima ulishuka zaidi kwa makalio kuliko kwa miguu. Karani mmoja wa bima aliteguka kifundo cha mguu. Mwalimu na fundi wakampokezana begani. Penye mkunjo wa njia Afande aliinua mkono, wote wakasimama. Hatua hamsini mbele mianzi ilikuwa ikivunjika, pole pole, bila haraka, kama mtu avunjavyo kuni zake mwenyewe. Hakuna aliyemwona tembo. Walingoja robo saa, mzee akiwa ameegemea mwanzi na macho ameyafumba, hata sauti zikasogea mbali, na Afande akashusha mkono. Walifika kituoni saa kumi na moja jioni, saa tisa na nusu tangu waondoke, baada ya mwendo wa kilomita kama 18.

Mzee aliomba jambo moja, gari lipitie Sasumua. Hawakuruhusiwa kuingia penye mitambo ya kusafishia maji, wala hawakuomba, kwa maana muda ulikuwa umekwisha. Walisimama barabarani tu. Ukuta wa bwawa ni wa udongo, umeota majani, na mtu asiyejua angedhani ni kilima. Mwezi wa Mei 2003 mafuriko yaliharibu njia yake ya kupunguzia maji, na kwa muda bwawa halikuweza kujazwa kama zamani hata lilipotengenezwa. Hatari yake ya kila siku si mafuriko, ni udongo. Kila shamba lililolimwa kwa mteremko bila kingo hupeleka rutuba yake ndani ya bwawa mvua inyeshapo. Mkulima hupoteza mbolea, na mji hupoteza nafasi ya maji na kulipa dawa zaidi za kuyasafisha. Tangu mwaka 2015 uko mfuko wa fedha, uitwao Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao huwasaidia wakulima wa milima hii kuchimba matuta, kupanda majani ya kulishia ng'ombe kwenye kingo na kuchimba vidimbwi vya kuwekea maji ya mvua. Mahali palipofanywa hivyo tofauti huonekana barabarani kwa macho: mfereji mmoja una maji mekundu, na wa pili, mita mia mbele, una maji ya kupitisha mwanga. Mkulima apandaye majani hayo hapandi kwa ajili ya kuwapenda watu wa Upper Hill. Apanda kwa kuwa ng'ombe wake atakula, na ni vema iwe hivyo, kwa sababu jambo limfaalo mtu mwenyewe ndilo atakalolitunza mwakani.

Gari liliwafikisha Barabara ya Ngong saa tatu kasorobo usiku. Majumba ya Upper Hill yalikuwa yamewaka taa, orofa juu ya orofa. Yule aliyeteguka alipelekwa hospitalini na wauguzi wake wawili, ambao siku yao ya mapumziko ikawa imeishia mahali ilipoanzia kila siku. Mzee wa masjala alipanda matatu akaenda kwake.

Mkewe alimkuta mlangoni, akamtazama kutoka kofia hata viatu, akamwambia asiingie na tope lile. Mzee akaenda kwenye bomba la uani, akalifungua. Likatoa pumzi, lisitoe tone. Haikuwa zamu ya mtaa wao. Zamu ilikuwa Jumatatu. Mama akaleta kopo moja kutoka pipa la jikoni, akammiminia viatuni polepole, naye akasugua kwa gunzi.

"Ongeza kidogo," akasema mzee.

"Baba, hayo ni ya chai ya asubuhi," akajibu mkewe, akafunika pipa.